Mjomba Alilala Katikati

Mama mkubwa wangu hapunguzi bei wala hapunguziwi. Akienda sokoni anauliza mara moja, akiona inafaa analipa, akiona haifai anageuka na kapu lake bila hata kukunja uso. Wauza nyanya walimchoka wakampa jina la Bei Moja, na yeye akalipokea kama cheo. "Kutaja bei usiyoitaka ili ushushwe kwenye unayoitaka," alizoea kuniambia, "huo ni uongo wa watu wawili." Mimi ninapenda kuvutana na muuzaji mpaka aniite mwizi huku anacheka, kwa hiyo kwenda naye sokoni kwangu ilikuwa adhabu. Anawaharibia watu starehe zao.

Na kazini alikuwa hivyo hivyo. Ni dobi wa hospitali. Ukisikia dobi usifikirie beseni na kamba ya kuanikia. Ni chumba kikubwa nyuma ya wodi, mashine za kufulia zimepangwa ukuta huu na ukuta ule, vikaushio vinanguruma, na mashine ndefu ya pasi inameza shuka upande mmoja na kulitema upande wa pili limenyooka. Humo ndimo alimopata mvi. Mimi nilimfuata humo mama yangu alipofariki, akanifundisha kazi yote. Shuka la damu huanza na maji baridi, maana ukilitia ya moto unaipika damu na haitoki tena. Nguo za upasuaji hazichanganywi na za wodi. Na shuka halikunjwi na mtu mmoja. Wawili mnashika pembe, kila mtu zake, mnalivuta likaze, ndipo mnasogeleana. Ukimpata mwenzako mlegevu shuka linakuwa na tumbo.

Sasa nimtaje mjomba. Walizaliwa watatu: mama mkubwa, mama yangu, na mjomba akafunga mlango. Wazazi wao waliondoka mapema, kwa hiyo mama mkubwa ndiye aliyewalea wenzake kwa mshahara wa dobi, mikono ikiwa imechubuka kwa klorini. Mjomba alisomeshwa na mikono hiyo mpaka akawa mwalimu, kisha akawa diwani. Wakati ule wa shida walilala watatu kitanda kimoja na blanketi moja. Mama yangu alikuwa akisimulia mpaka machozi ya kicheko yanamtoka: madada wawili pembeni, kila mmoja anavuta blanketi upande wake, na mjomba katikati amejikunyata kwenye joto. Asubuhi madada wanaamka na mafua, wanalaumiana. Mjomba anakaa kitako, mtoto mdogo vile, anawaambia, "Acheni kugombana, blanketi linatosha." Lilimtosha kweli, usiku kucha halikumtoka hata kidole.

Nisimsingizie mjomba wangu. Si mwizi, si mlevi, na ukimwita msibani anafika kabla ya maturubai. Alipogombea udiwani, picha zake zilibandikwa mpaka kwenye geti la hospitali, na chini yake maneno: Si kushoto, si kulia, ni katikati. Watu walimpenda kwa hilo. Walikuwa wamechoka na wale wa mrengo wa kushoto waliotaka kila kitu kiwe cha umma, na wale wa mrengo wa kulia waliotaka kila kitu kiuzwe, na huyu alikuja na sauti ya pole na tai iliyonyooka, akasema kila upande una hoja. Mama mkubwa alizunguka nyumba kwa nyumba kumwombea kura. Aliipiga pasi ile tai mwenyewe.

Udiwani ukampeleka kwenye bodi ya hospitali. Ilikuwa bodi ndogo. Nusu ya wajumbe walikuwa na sisi, kwa maana ya kwamba waliamini hospitali ifue mashuka yake yenyewe kwa watu wake wenyewe. Nusu nyingine ilitaka kazi zote zigawiwe makandarasi. Mjomba alikuwa katikati yao. Na kura zikilingana, mwenyekiti ndiye mwenye kuamua, na mwenyekiti kila mtu alijua kengele yake inalia upande gani.

Basi akaja mkandarasi wa usafi, bwana mmoja wa viatu vya kung'aa, akaomba apewe dobi yote: mashine, maji na chumba. Wafanyakazi wote waondoke, yeye aje na wake. Bodi ikamwita mama mkubwa kama msimamizi wetu aseme wafanyakazi wanataka nini. Akasimama, Bei Moja wa watu, akasema kwa adabu, "Tunaomba tubaki kama tulivyo." Akakaa. 

Mjomba akakuna kidevu. Akasema mmoja anataka yote, mwingine anataka kisiguswe kitu, hivyo haki iko katikati. Nusu ya chumba apewe mkandarasi, nusu ibaki ya hospitali. Wajumbe waliokuwa na sisi wakaona afadhali nusu kuliko hasara, wakainua mikono. Watu wakampigia makofi mjomba kwa busara zake, hata sisi wengine tulipiga, ndivyo tulivyokuwa wajinga.

Wiki iliyofuata akaja fundi wa rangi, akapiga mstari wa njano katikati ya sakafu, kutoka mlangoni mpaka kwenye mashine ya pasi. Upande huu sisi, upande ule mkandarasi. Nusu ya wenzetu walikabidhi aproni zao asubuhi, na kabla wiki haijaisha nikawaona wamerudi wamevaa za kijani za mkandarasi, wamesimama kwenye mashine zile zile kwa ujira pungufu, bila likizo wala dawa. Bi Mvuke, aliyekuwa mwenzangu wa kukunja shuka tangu nianze, alikuwa upande wa pili wa mstari. Tulipewa amri tusivuke. Nikawa nakunja na mwingine, mlegevu, mashuka yote yana matumbo.

Halafu tukaona kilichomleta yule bwana. Asubuhi moja yakaingia matoroli yenye mashuka meupe mazito, taulo nene, foronya zenye nakshi. Ya hoteli. Bwana mkandarasi alikuwa anafulia hoteli kwa mashine za wagonjwa na maji ya wagonjwa, na ya wodi yanasubiri zamu. Bi Mvuke alininong'oneza kutoka ng'ambo ya mstari, "Mwenzangu, leo nimefua joho la kuogea la mtu ambaye hata haumwi." Tulicheka, lakini wodi ya wazazi siku hiyo ilikosa mashuka mpaka mchana.

Mama mkubwa alikwenda kwa mjomba kulalamika. Mjomba akamsikiliza vizuri sana, kama kawaida yake, akamwambia kila upande una hoja.

Mwaka ulipogeuka, mkandarasi akarudi kwenye bodi. Nusu haimtoshi, anataka yote. Na mjomba, kabla hata kikao hakijaitishwa, akawa tayari ameshapata katikati. Alikuja kwa mama mkubwa Jumapili mchana, tumemaliza kula, mimi naosha vyombo dirishani na masikio yangu yako sebuleni.

"Dada, nimezungumza nao," akasema. "Walitaka kuchukua chote. Nimewashusha. Watachukua nusu ya kilichobaki."

"Nusu ya nusu," mama mkubwa akasema.

"Ndiyo. Na wewe hutaguswa, hilo nimelisimamia. Mpwa wangu pia hataguswa. Wamekupa heshima ya kuchagua. Utaleta kwenye kikao majina ya watakaoondoka. Wewe unawajua, utachagua kwa huruma."

Nikaacha sahani ndani ya maji. Mle dobini tulikuwa tumebaki wachache, na kila mmoja nilijua anakula na nani nyumbani. Kuna mama wa mapacha. Kuna yule mjane tunayemwita Sabuni kwa kuwa hakasiriki, anateleza tu. Mama mkubwa ndiye aliyewaajiri wote, ndiye aliyewaonyesha maji baridi na damu. Sasa alikuwa anatakiwa anyooshe kidole: wewe, na wewe, na wewe. Na mimi nibaki kwa kuwa ni damu yake. Ningetembeaje mtaani?

"Mdogo wangu," mama mkubwa akasema taratibu, "hebu niambie. Chumba kile kina katikati ngapi?"

"Sijakuelewa, dada."

"Katikati ilipigwa rangi ya njano mwaka jana. Nilikuwepo. Sasa unataka kupiga nyingine katikati ya upande wangu. Mwakani utapiga wapi? Kwenye aproni yangu?"

Mjomba akacheka kidogo kama mtu anayemvumilia mzee. "Siasa ni kupatana, dada. Mtaka yote hukosa yote."

"Mbona yule bwana anataka yote na kila mwaka anaongezewa?"

Mjomba akanyoosha tai. Akasema tutaonana kwenye kikao, majina usiyasahau, akatoka. Alikuwa amekaa katikati ya kochi, hapo hapo anapokaa siku zote, na mto ulibaki na shimo.

Siku zile hazikuwa nzuri. Mama mkubwa anaamka, anakwenda kazini. Anakunja, anapiga pasi, anarudi nyumbani, anakaa mezani na mikono mbele yake. Na dobini habari ilikuwa imefika, maana habari mbaya haihitaji nauli. Watu walianza kumwangalia kwa macho ya kuombaomba. Mama wa mapacha alimletea maandazi, yeye ambaye hakuwahi kumletea mtu maandazi. Mama mkubwa aliyakataa, akaenda kulia kwenye chumba cha sabuni. Nilimsikia. Nilikasirika mpaka nikaunguza foronya.

Jioni moja nikamwambia ukweli wangu. "Mama mkubwa, tatizo ni wewe."

Aliinua uso. Mtu hamwambii Bei Moja hivyo.

"Wewe husemi bei ya juu," nikamwambia. "Yule bwana anaingia anataka yote. Wewe unaingia unataka kubaki ulivyo. Mjomba anapima katikati, na katikati ya hapo lazima iangukie kwenye mfupa wako. Mimi nyanya nikiambiwa bei, naanzia chini kabisa, ndipo tunakutana pazuri. Na wewe panda. Dai chumba chote. Dai hata usichokitaka."

"Niseme uongo."

"Ndiyo, sema uongo kidogo. Huo wa watu wawili."

Akaingia kulala, nikajua nimemuudhi. Lakini asubuhi nilimkuta ameamka mapema, yuko jikoni, uso wake ni mwingine. Alinimiminia chai kabla hajajimiminia yeye.

"Nimefikiria maneno yako," akasema. "Umekosea. Sihitaji kusema uongo. Nilikaa nikajiuliza, hivi mimi nataka nini hasa? Si naomba nini. Nataka nini. Na unajua, mwanangu, sikuwahi kujiuliza. Nataka chumba chote. Nataka Bi Mvuke na wenzake warudi kwa mshahara wao na likizo yao. Nataka shuka la hoteli lisiguse mashine ya mgonjwa. Nataka glavu zisizovuja. Na nataka msimamizi wa dobi akae kwenye ile bodi, awe na kura, si aitwe kusimama kama mtuhumiwa. Hiyo ndiyo bei yangu. Ile niliyotaja mwaka jana ilikuwa tayari nimejipunguzia mwenyewe, nikidhani ni adabu."

Nikamwuliza, je, wakimwambia ashuke kidogo.

"Jina langu ni nani?" akasema.

Kikao kilifanyika katika ukumbi mdogo juu ya ofisi ya mganga mkuu, meza ndefu, feni inayolia. Wajumbe wetu walikaa upande wa dirisha, wale wengine upande wa mlango, mwenyekiti kichwani, na mjomba peke yake mwisho wa meza akiwatazama wote. Sisi wa dobi tulisimama ukutani na aproni zetu. Bi Mvuke na wa kijani walikuwa kazini, walikatazwa kuja.

Mwenyekiti akasoma pendekezo la mjomba, kisha akamwomba msimamizi ataje majina.

Mama mkubwa akasogea mbele. "Sina majina," akasema. "Nina bei." Akaitaja yote, tangu chumba mpaka kiti cha bodi, kwa sauti ile ile anayoulizia nyanya. Bwana mkandarasi alicheka kwa pua. Mjumbe mmoja wa upande wa dirisha akaacha kalamu. Mjomba aliinama mbele, akasema kwa upole, "Dada, samahani, msimamizi, hayo ni madai ya mrengo wa kushoto kabisa. Tukutane katikati."

"Mwaka jana nilidai tubaki tulivyo, ukaniambia nako ni pembeni mno," mama mkubwa akajibu. "Kwako wewe mimi niko pembeni popote nisimamapo. Basi afadhali nisimame ninapopataka. Bei ni moja."

Wale wa upande wa dirisha, sijui ni aibu ya mwaka jana au nini, wakasema hawaiungi mkono nusu ya nusu. Ama dobi yote irudi kwa hospitali, ama wapige kura ya hapana. Wale wa mlangoni nao wakaona hakuna haja ya nusu tena, wakataka yote. Pendekezo la mjomba likabaki limelala mezani bila ndugu. Hakukuwa na katikati ya kukalia. Kura ikaitishwa: dobi irudi hospitali, au iende kwa mkandarasi?

Mikono ya dirishani ikainuka kwetu. Mikono ya mlangoni ikainuka kwake. Ikalingana, na watu wote tukageuza shingo kumtazama mjomba. Mama mkubwa alimtazama pia. Hakumwomba. Alimtazama tu, mdogo wake aliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Mjomba akatazama meza. Akasema, "Mimi, kwa ajili ya umoja wetu, sipigi kura."

Mwenyekiti hakusubiri hata kikohozi. Kura zimelingana, naamua mimi, dobi yote kwa mkandarasi kuanzia Jumatatu. Akagonga meza. Ndivyo ilivyokuwa, mtu ambaye hakuinua mkono ndiye aliyetuuza, na angeweza kuapa mbele ya yeyote kwamba hakuwa upande wowote. Njia mbili zilimshinda fisi, lakini fisi yule wa kale alipasuka yeye. Huyu wetu alitoka mzima na tai yake, tukapasuka sisi.

Nilidhani mama mkubwa ataanguka. Alivua miwani, akaifuta kwa aproni, akasema, "Haya, wanangu, kuna mashuka yanatungoja."

Jumatatu tulikwenda kazini kama kawaida. Msimamizi wa mkandarasi, kijana mmoja, alitukuta tumesimama kwenye mashine zetu, akauliza tunafanya nini, tulishaachishwa. Mama mkubwa akamjibu tunafua mashuka ya wagonjwa, na kama anataka kutuzuia, avae glavu hizi zinazovuja aanze yeye na lile kapu la upasuaji. Yule kijana alichungulia ndani ya kapu. Alirudi nyuma hatua moja, akakanyaga mstari wa njano.

Ndipo Bi Mvuke akauvuka ule mstari. Hakupiga kelele, alikuja tu na aproni yake ya kijani, akashika pembe mbili za shuka nililokuwa nalo, akavuta likakaza. Wenzake wakamfuata. Hawakusema ni mgomo, wala hatukuuita mgomo. Tulifua kila shuka la wodi, kila nguo ya upasuaji, mpaka vitambaa vya watoto wachanga, na wodi hazikuwahi kupata mashuka mapema vile. Ya hoteli hatukuyagusa. Yalikaa kwenye matoroli koridoni, taulo zake nene, siku nyingi, na kwa joto lile unajua mwenyewe taulo lenye maji linanuka vipi. Mganga mkuu alipita ameziba pua.

Walituita wahuni. Walitutishia polisi. Sabuni, yule mjane asiyekasirika, alimwambia yule msimamizi wa mkandarasi maneno ambayo sikujua anayajua, na siwezi kuyaandika. Walileta watu wapya kutoka barabarani. Hao walivumilia kapu moja la upasuaji, wakaomba ruhusa ya kwenda kunywa maji na hawakurudi. Hatukulipwa. Tulikula kwa mikopo na kwa masufuria ya majirani. Mama mkubwa aliuza cherehani yake, kwa bei moja. Niliogopa sana, siwezi kujifanya shujaa, lakini kila asubuhi alikuwa mlangoni amevaa, ananiuliza, "Unakuja au huji?" kama vile tunakwenda harusini.

Aliyechoka kwanza ni bwana wa viatu vya kung'aa. Hoteli ilimwacha, na bila hoteli hakuwa na haja na damu ya watu. Alichokuwa anataka tangu mwanzo ni maji na mashine. Akaiandikia bodi kwamba anajiondoa.

Bodi ikakutana upya. Wale wa mlangoni walikuwa wamenywea, hawana mtu wa kumpa. Pendekezo likaletwa dobi yote irudi hospitali, wa kijani warudishiwe aproni zao na mishahara yao, na mashuka ya nje yapigwe marufuku. Kiti cha bodi kikasogezwa mbele, kitajadiliwa baadaye. Mama mkubwa akasema sawa, lakini bei haijabadilika, ataidai mpaka alipwe. Na mjomba? Mjomba akainua mkono juu, wa kwanza kabisa, akatoa na hotuba. Akasema siku zote amesimamia msimamo wa wastani, na wastani ni hospitali kufua mashuka yake. Maneno yale yale aliyokuwa ameyaita ya mrengo wa kushoto kabisa. Wallahi hakupepesa jicho. Nadhani aliamini.

Jumapili akaja kula, amebeba matunda, uso umekunjuka. Akakaa katikati ya kochi.

"Unaona, dada," akasema. "Mwishowe busara imeshinda. Ndiyo maana mimi sihami. Niko katikati pale pale."

Mama mkubwa alikuwa anakunja kitambaa cha meza. "Wewe, mdogo wangu, hujawahi kukaa mahali," akasema. "Ulilala kwenye blanketi, na blanketi lilikuwa linavutwa na wengine. Yule bwana alipovuta kwa nguvu ulikwenda naye. Sasa tumevuta sisi, umekuja kwetu. Karibu. Lakini usiniambie hukusogea. Mimi ndiye niliyekuwa pembeni na baridi, nilikuwa naona."

Mjomba akachukua ndizi akaanza kuimenya. Nilimwonea huruma, kusema kweli, kwa muda wa kumenya ndizi moja. Kisha akatabasamu lile tabasamu la kwenye picha za getini, akasema uchaguzi unakaribia, na watu wa mtaa wanamsikiliza sana dada. Je, anaweza kuitegemea kura yake?

"Nimeifikiria hiyo," mama mkubwa akasema. "Kuna wanaosema nikupe, na kuna wanaosema nikunyime. Kila upande una hoja. Nitakupa nusu."

Mjomba akacheka. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akaacha. "Dada, kura haikatwi nusu. Ukiikata imeharibika."

Mama mkubwa akanipa pembe mbili za kitambaa. Tukavuta mpaka kikakaza.

"Na mama wa mapacha," akamwuliza, "ulitaka nimkatie wapi?"